Mama Rudia na Simu ya Ukweni

Leo, tarehe thelathini, Mama Rudia anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuongoza ndege. Ofisi ya utumishi iliniomba niandike ukurasa mmoja wa kumuaga kwenye ratiba ya sherehe, uwe mchangamfu, usiwe na maneno ya kuchokoza, na usiitaje simu. Uchangamfu upo. Ukurasa mmoja hautoshi. Na simu nitaitaja mpaka mchoke, maana kumuaga mama huyu bila kuitaja simu ni kumuaga mpishi bila kutaja sufuria. Kama unayasoma haya ukiwa umekaa ukumbini, ujue ratiba hii niliipeleka kwa mchapaji mwenyewe, kwa miguu yangu, na lawama zote zije kwangu.

Kwanza nijitambulishe. Mimi ni mkwe wake. Si mkwe wa ndoa, maana binti zake wote wawili wameolewa na vijana wenye nywele kichwani. Mimi ni mkwe wa kazi, na hapo itabidi nieleze kidogo kwa faida ya wageni wetu, na kwa faida ya ndugu zake ambao miaka yote hii wamekuwa wakidhani anaendesha ndege.

Jengo letu lina vyumba viwili vya rada. Kimoja tunakiita Karibu, na ndicho kinachoongoza ndege zinazokuja kutua na zile ambazo ndio kwanza zimeruka. Cha pili tunakiita Mbali, nacho kinaongoza zilizo juu, zinazopita na zinazotoka masafa marefu. Kati ya vyumba hivyo kuna korido nyembamba yenye vigae vilivyochakaa katikati, na milango miwili mizito inayojifunga yenyewe. Ndege inayokuja hutoka mikononi mwa Mbali ikaingia mikononi mwa Karibu, na inayoondoka hufuata njia hiyo kinyume chake. Kazi yetu kubwa iko hapo kwenye kukabidhiana. Rubani aliye ndani ya wingu haoni kitu, anatutegemea sisi tumwambie apande, ashuke au abaki alipo. Kanuni yenyewe hata mtoto ataielewa: ndege mbili zikikaribiana, moja iwe juu ya nyingine kwa futi elfu moja au zaidi. Zikiwa kimo kimoja, ziachane kwa maili tano. Ukishindwa hayo yote mawili huongozi tena, unaomba Mungu.

Watu wa Karibu wanatuita sisi wa Mbali wakwe, nasi tunawaita hivyohivyo. Mkwe hukumchagua, hulali naye nyumba moja, lakini lazima umpokee kwa heshima, na akikuita huwezi kusema ngoja kwanza nimalize chai. Mama Rudia ni wa Karibu, mimi ni wa Mbali. Nimemsikia kuliko nilivyomwona. Kuna miaka nilikuwa naijua pumzi yake kwenye simu vizuri kuliko ninavyoijua ya mke wangu, na mke wangu analijua hilo na ameshasamehe.

Alikuja kazini akiwa binti mwembamba mwenye sauti isiyolingana na umbo lake. Wakati ule hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyekaa mbele ya rada. Siku ya kwanza mkuu wa zamu alimwonyesha birika. Alijibu kwamba chuoni alifundishwa ndege, kwenye birika hawakufika. Mkuu akacheka, akadhani ni utani. Kesho yake alilikuta birika juu ya meza yake yeye mkuu, limejaa maji ya baridi, na binti ameshakaa kwenye kiti cha mafunzo, amevaa vidude vya masikioni, anasikiliza marubani. Tangu siku hiyo chumba cha Karibu kila mtu anajitengenezea chai yake. Hilo nalo naomba lihesabiwe katika mafanikio yake.

Jina la Mama Rudia halikutoka mbali. Katika kazi yetu rubani akipewa agizo lazima alirudie, ili aliyelitoa asikie kama limefika lilivyo. Hiyo ni sheria ya marubani. Mwenzetu aliona haina sababu ya kuishia kwao. Ukimwambia utamletea mwavuli wake kesho, anasema rudia. Fundi akimwambia umeme utarudi baada ya saa moja, anasema rudia. Ukimjibu kwa neno sawa umejitafutia balaa, kwa sababu atakuuliza ni sawa ipi: nimesikia, nimekubali, nimechoka, au niondokee. Siku moja mkuu wa idara alifunga kikao kwa sentensi ndefu yenye neno utekelezaji mara tatu. Mama Rudia akamwomba airudie. Mkuu akaanza, akafika katikati, akatuambia tutawanyike.

Nyumbani hali ni hiyohiyo. Mume wake ni fundi cherehani, mtu wa utani mwingi na sindano mdomoni, na ameniambia kwamba tangu aoe hajawahi kukata kitambaa vibaya, kwa sababu kila kipimo lazima akirudie kwa sauti hata akiwa peke yake dukani, na wateja wanadhani anaswali. Kwenye harusi ya binti yake mkubwa, bwana harusi alipoulizwa kama amekubali alijibu kwa sauti ya chini kidogo. Kutoka kiti cha mbele likasikika neno moja: rudia. Kijana alirudia kwa nguvu mpaka spika zikapiga kelele. Ndoa ile bado imesimama imara, na Mama Rudia anajisifia hilo kila akipata nafasi. Yeye si mnyenyekevu, wala sitamzushia unyenyekevu leo kwa sababu tu anaondoka. Anajua kwamba anaijua kazi, na ukimuuliza atakuambia bila kuona haya.

Sasa tuje kwenye siku ambayo ofisi ingependa niiite changamoto za kiutendaji.

Wakati ule skrini mpya zilikuwa zimeshafungwa, kila chumba kinaona ndege za mwenzake, na wakuu wakaanza kusifu ukimya. Kama unaona, ya nini kuuliza? Mwenye macho haambiwi tazama. Ukitaka kuongea na chumba cha pili ilibidi upige simu mapokezi, mapokezi wakuunganishe, na wakishakuunganisha ndege imeshafika inakokwenda. Basi watu wakaacha kupiga. Aliyepiga alionekana hajiamini.

Upande wetu wa Mbali alikuwepo mzee mmoja tuliyemwita Bwana Kimya. Leo yumo humu ukumbini, ndiye yule mwenye kofia ya kahawia ambaye hajasema neno tangu aingie. Alikuwa muongoza ndege hodari kuliko wote niliowahi kukaa nao. Mpole, nadhifu, hapendi kumsumbua mtu hata kwa kuomba kalamu.

Ilikuwa alasiri ya mawingu mazito. Ndege mbili za abiria, moja ya kwetu na moja ya Karibu, zilikuwa zinalikwepa wingu moja kutoka pande mbili, zote kimo cha futi elfu kumi na tatu, zinaelekeana juu ya mpaka wa vyumba vyetu. Mama Rudia aliliona hilo. Bwana Kimya aliliona. Muda wa kurekebisha ulikuwepo, tena wa kutosha. Kila mmoja, kwa wema kabisa, akaamua asimsumbue mwenzake, ndege yake yeye ndiyo itakayopisha. Mama Rudia akamwambia rubani wake ashuke futi elfu moja. Bwana Kimya naye akamwambia wake vivyo hivyo. Wote wawili wakafanya kwa wakati mmoja, bila kuambiana. Ndege zikatoka elfu kumi na tatu zote mbili, zikafika elfu kumi na mbili zote mbili.

Mtu wa nje atauliza kwa nini hawakuona kwenye skrini. Namba za kimo huchelewa kidogo kubadilika, na mtu akishamaliza tatizo moja macho yake hukimbilia la pili. Kilichotuokoa ni wingu kupasuka. Rubani mmoja aliiona nyingine mbele yake, akageuza kwa nguvu, abiria wakamwagikiwa vinywaji, akina mama wakakumbatia watoto wao. Kisha akaongea kwenye redio kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema ameiona ndege nyingine kwa karibu kuliko alivyopenda. Hakuumia mtu. Nasema hivyo haraka kwa sababu najua kuna wanaoshika mioyo yao sasa hivi.

Nilikuwa zamu hiyo, kiti cha jirani. Bwana Kimya alipopokewa kiti chake alivua vidude vya masikioni, akavilaza mezani taratibu, akatoka. Nikamfuata mpaka mlangoni nikiogopa ataanguka. Kwenye korido Mama Rudia naye alikuwa ameshatoka kwao, anakuja kwetu mbiombio. Wakakutana katikati. Akasogea ukutani ampishe mzee, mzee naye akasogea ukuta uleule ampishe yeye. Wakahamia ukuta wa pili, wote kwa pamoja. Mama Rudia akasimama. Akamtazama mzee wa watu, akasema polepole, "Ni hivihivi." Halafu akakaa chini palepale kwenye vigae na sketi yake ya kazi, akalia, mpaka Bwana Kimya naye akakaa pembeni yake.

Kamati ya uchunguzi ilikuja na majibu yake tayari. Ilikagua, ikaona kila mmoja alifanya kilichoandikwa kwenye vitabu, ikataka kufunga suala kwa kusema ni hali ya hewa. Wale wawili wangeitikia tu, wangerudi kwenye viti vyao wiki ileile. Mama Rudia alikataa. Aliwaambia kila mmoja wao alikuwa sahihi na kwa pamoja walikosea, na kwamba wakilisingizia wingu, wingu litarudi. Wakamjibu kwamba hakuna utaratibu wa kuandika kosa la watu wawili waliokuwa sahihi. Akawaambia basi waanzishe. Wakamwondoa kwenye kipaza sauti, wakampeleka stoo akapange viti vibovu. Bwana Kimya aliambiwa yeye anaweza kuendelea na kazi, maana hakuleta ubishi. Akasimama, akasema, "Na mimi." Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia akitoa, na ilimpeleka stoo msimu mzima wa mvua.

Waliowapeleka stoo hawakujua wanachokifanya. Humo ndani, katikati ya meza zilizovunjika na mafeni yaliyokufa, wale wawili walikuta simu mbili kuukuu na bunda la waya. Fundi simu wetu akawafumbia jicho moja, na la pili akalitumia kuwasaidia. Waya ukapitishwa juu ya dari ya korido, simu moja ikafungwa ukutani Karibu, nyingine Mbali. Hazina namba wala hazipitii mapokezi. Ukinyanyua ya huku, ya kule inalia. Waliporudishwa kazini, na walirudishwa kwa sababu watu walikuwa hawatoshi, wala si kwa uungwana wa mtu yeyote, simu zilikuwa tayari ukutani zinawangoja. Hakuna mkuu aliyeziruhusu na hakuna aliyezikataza. Ndiyo hiyo tunayoiita simu ya ukweni.

Matumizi yake ni mepesi. Ukiona ndege yako na ya mkwe zinakaribiana, kabla hujagusa chochote unanyanyua na kuuliza, "Nani anahama?" Mmoja anasema mimi, anataja ndege, anataja kimo anachokwenda. Wa pili anarudia. Wa kwanza anasema ndivyo. Mpaka neno hilo ndivyo litoke, hakuna anayegusa kitu. Inachukua muda mfupi kuliko kupiga chafya mara mbili. Wahenga walisema wema hauozi. Mama Rudia huongezea kwamba wema usiosemwa hugongana. Tangu simu ile ifungwe, ndege za vyumba vyetu viwili hazijawahi kupishana tena kwa bahati. Sisemi ni simu peke yake, tuna rada nzuri na watu wazuri, lakini sitakubali mtu aseme simu haimo.

Sasa nifike kwa bwana wa maboresho. Mkurugenzi wetu wa maboresho si mjinga, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimemtukana. Alileta mfumo mpya, mzuri, tunaouita Mguso. Unagusa ndege kwenye skrini, inageuka kijani, mwenzako ameipokea. Kelele zimepungua, makaratasi yamepungua. Kuna wanaonong'ona kwamba Mama Rudia aliupinga kwa sababu ya uzee. Huo ni uongo wa mchana kweupe. Aliujifunza kabla ya mkurugenzi mwenyewe, na nusu ya watu wa vyumba viwili aliwafundisha yeye, akiwaambia rudia. Alichosema, na alikisema katika kila kikao mpaka wakaacha kumwalika, ni kwamba mashine inakuambia mwenzako amefanya nini. Haikuambii anataka kufanya nini. Na ile alasiri ya mawingu iliharibika kwenye kutaka kufanya.

Mwezi uliopita ikaamuliwa tujaribu siku moja bila simu ya ukweni. Ikachomolewa asubuhi. Mchana mkurugenzi akaleta wageni wa heshima awaonyeshe jengo lilivyotulia. Mimi nilikuwa kiti cha Mbali. Kiti cha Karibu alikuwepo dada mmoja mwepesi tunayemwita Kasi, na Mama Rudia akiwa msimamizi amesimama nyuma yake. Mawingu yakakusanyika palepale mpakani. Ndege yangu na ndege ya Kasi, kimo kimoja, futi elfu kumi na mbili, zinaelekeana. Nikaona, na Kasi akaona. Nilishabonyeza kipaza sauti, nimeshataja jina la ndege yangu, nimebakiza kumwambia ashuke. Upande wa pili wa ukuta Kasi naye alikuwa amefungua mdomo kusema lilelile.

Mama Rudia akamshika Kasi bega, akamwambia subiri. Akanyanyua simu, simu imekufa. Sasa nawaomba mkumbuke mama huyu ana umri wa kustaafu na goti linalomsumbua. Aliupiga mlango wao, akavuka korido, akausukuma wetu kwa bega, akasimama pale mlangoni na sauti ileile aliyokuja nayo ujanani. "Ukweni! Nani anahama?" Nikajibu ni mimi, nashuka elfu kumi na moja, nyie bakini kumi na mbili. Akarudia neno kwa neno. Nikasema ndivyo. Akageuka na kuipeleka kwao kwa sauti hiyohiyo, jengo zima likiwa shahidi. Ndege zikapishana, moja juu ya nyingine, futi elfu moja kamili. Abiria hawakujua kitu. Nadhani wengine walikuwa wamelala, na ndivyo inavyotakiwa.

Wageni wa heshima walikuwa katikati ya korido. Walibanwa ukutani Mama Rudia alipopita akienda, wakabanwa tena alipopita akirudi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa siku hiyo ulimkuta mkurugenzi akiwa ndio kwanza ametamka neno utulivu.

Mama Rudia aliitwa ofisini. Akapewa onyo kwa kupayuka mahali pa kazi, akatakiwa awaombe radhi wageni. Akasema rudia. Mkurugenzi akarudia. Akajibu kwamba atawaomba radhi wageni siku ambayo mkurugenzi atawaomba radhi abiria. Hajaomba radhi mpaka leo. Anastaafu na onyo lake, na hilo ndilo ambalo ofisi ilitaka nilifiche. Nimelitaja kwa sababu sisi hatulionei aibu. Kama onyo lile lingekuwa nguo, tungempa mumewe alikate vipande kila mmoja wetu avae.

Simu ilirudishwa jioni ileile. Fundi simu aliyeichomoa asubuhi ndiye aliyeichomeka, bila kuagizwa, akapangusa vumbi, akaondoka anapiga mluzi. Lakini amri imeshatoka. Jumatatu ijayo inang'olewa moja kwa moja, waya na misumari. Tumeambiwa wamesubiri kwa heshima, mpaka mwenyewe astaafu, kwa kuwa mambo ya wazee huondoka na wazee.

Basi nami niseme kwa niaba ya vyumba viwili, zamu zote, na hapa sijiandikii peke yangu maana tumekaa koridoni tukakubaliana mmoja mmoja. Ing'oeni. Jumatatu mtaikuta milango yote miwili imeegeshwa viti, tena vile vya stoo. Atakayeona ndege zinakaribiana atasimama mlangoni aulize nani anahama, na mwenzake atamrudishia. Mkiifunga milango, tutagonga ukuta. Tutatumia Mguso, tunaupenda Mguso, lakini hakuna ndege itakayohama kwenye mpaka wetu kabla sauti ya mtu haijajibiwa na sauti ya mtu. Koo zetu hazifunguliwi kwa bisibisi. Na kama kila atakayeuliza atapewa onyo, leteni maonyo ya kutosha, na yule wa mwisho mpelekeni stoo kama mlivyozoea. Stoo ni pana, tutaenea wote. Mara ya mwisho mlipowapeleka watu humo walitoka na simu.

Tunamshukuru mume wake, fundi wetu, kwa kutuazima mke wake sikukuu nyingi na kwa kuzivumilia zamu zisizo na adabu. Tunawashukuru binti zake, ambao waliwahi kutupigia simu kazini kuuliza kama mama yao huku nako ni hivyo. Ndiyo, ni hivyo. Tunamshukuru Bwana Kimya kwa maneno yake mawili. Mama Rudia, tunakushukuru wewe kwa ukali wako, kwa makelele yako, na kwa kila rudia iliyotukera tukiwa tumechoka. Kuna watu wengi sana wanaozeeka vizuri mahali fulani, wana wajukuu, wanalalamikia magoti yao, na hawajui kwamba jina lako linawahusu.

Limebaki jambo moja. Ijumaa iliyopita ilikuwa zamu yake ya mwisho, na mimi nilikuwa upande wa pili wa waya. Alinikabidhi ndege yake ya mwisho kama kawaida. Akataja jina, akataja kimo, nikarudia, akasema ndivyo. Nikadhani amemaliza. Akabaki kwenye simu, namsikia anapumua. Kisha akasema, "Ukweni, msihame bila kuulizana." Nilifungua mdomo nijibu, sauti haikutoka. Nililia, wala sifichi. Alingoja kidogo, halafu akairudisha simu ukutani taratibu.

Sasa kwa sheria yake mwenyewe, agizo lisilorudiwa halijapokelewa, na muongoza ndege haachi kiti chake mpaka lipokelewe. Kwa hiyo tangu Ijumaa mama huyu bado yuko kazini, na sherehe hii yote ni batili. Deni hilo ni la kwangu, nalilipa leo mbele ya mkurugenzi, mbele ya mume wake na mbele ya wageni wote, na ninawaomba watu wa Karibu na wa Mbali wasimame waseme nami.

Mama Rudia, tunakutakia maisha marefu yenye afya na usingizi usiokatishwa na zamu. Agizo lako tumelisikia. Hatuhami bila kuulizana. Tunarudia: hatuhami bila kuulizana. Tunangoja useme ndivyo, ndipo uende nyumbani.